Kitu cha miaka 100,000 kinajaribiwaje? Jibu kwa mwalimu wa Masasi

Swali: "Shikamoo, mzee wangu. Nafundisha fizikia sekondari hapa Masasi. Tangu mtambo wa majaribio wa kuchakata urani uzinduliwe kule Mto Mkuju, Namtumbo, wanafunzi hawaniachi. Nimesoma kwamba Ufini wamechimba mahandaki zaidi ya mita 400 chini ya ardhi ili wazike fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika, na kwamba wanaanza kwa kujaribu makasha yasiyo na fueli yenyewe. Nashindwa kuelewa. Kitu kinachotakiwa kikae miaka 100,000, unakijaribuje kwa miaka miwili mitatu ukasema kimefaulu? La pili, ambalo hata wazazi wananiuliza: sisi wa Mtwara na Lindi, wenye bandari na mapori makubwa, siku moja hatutaambiwa tupokee mzigo huo?"

Marahaba, mwalimu. Nimefurahi kwamba swali limetoka darasani. Nitalijibu kwa urefu, maana jibu fupi katika jambo hili huwa la kuwatisha watu au la kuwabembeleza, na yote mawili hayawafai wanafunzi wako.

Niseme wazi tangu mwanzo: hakuna aliyejaribu miaka 100,000, na hatatokea. Waufini na Waswidi wenyewe hawadai hivyo. Wanachojaribu ni visababishi: ni kitu gani kinaweza kuliharibu kasha, kinakwenda kwa kasi gani, na kinakwama wapi. Maji, joto, kutu, uzito wa mwamba, uzembe wa binadamu. Kila kimoja kinatengwa na kusukumwa hadi kiseme, kisha kinafukuliwa na kukatwa vipande ili watu waone kilichotokea humo ndani. Kwangu mimi, hapo kwenye kufukua ndipo ulipo uzito wa kazi yote. Jaribio ambalo halijafukuliwa bado ni makisio, hata kama kompyuta imechora picha nzuri kiasi gani.

Kabla ya kuingia huko, watenganishie wanafunzi vitu viwili vinavyochanganywa sana mtaani. Kinachotoka mgodini Namtumbo ni urani ghafi, ambayo ikichakatwa huwa unga mzito wa manjano. Mionzi yake ni midogo. Hatari yake kubwa ni vumbi lake kuvutwa kifuani au kumezwa, kwa sababu urani ni sumu ya figo kama zilivyo metali nyingine nzito. Fueli iliyotumika ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni urani iliyorutubishwa, ikatengenezwa vidonge vya takriban sentimita moja, ikapangwa ndani ya mirija mirefu ya zirkoniamu na kukaa ndani ya kinu cha umeme miaka mitatu hadi mitano. Ikitoka humo, mtu akisimama mita moja karibu nayo bila kinga, dakika chache zinatosha kumpa dozi ya kumwua. Ndiyo maana inatumbukizwa kwenye dimbwi la maji na kukaa humo miaka mingi ikipoa.

Inapoa, lakini haiishi. Siziamu-137 ina nusu uhai, yaani muda wa kupungua hadi nusu yake, wa miaka 30 hivi, kwa hiyo karne chache zinaimaliza. Plutoniamu-239 ina nusu uhai wa miaka 24,000. Iodini-129 inapita miaka milioni 15. Ukijumlisha yote, inachukua zaidi ya miaka 100,000 kabla sumu ya fueli hiyo haijashuka hadi kukaribia ile ya mawe ya urani yaliyochimbwa kuitengeneza. Namba uliyoisoma imetoka hapo.

Njia ya kuzika inayotumiwa na Ufini na Uswidi ilibuniwa Uswidi na kuchapishwa mwaka 1983. Fueli inawekwa ndani ya kasha la chuma cha kusubu lililovikwa ganda la shaba lenye unene wa sentimita 5. Kasha lina urefu wa karibu mita 5, na likijazwa lina uzito wa tani 25 hivi. Linateremshwa kwenye shimo ndani ya mwamba wa graniti na kuzungushiwa bentonaiti, udongo wa mfinyanzi ambao ukipata maji huvimba na kubana kila upenyo. Shaba inazuia kutu, chuma kinabeba uzito, udongo unazuia maji yasitembee, mwamba unakaa mbali na watu. Kila kizuizi kinatakiwa kifanye kazi hata kama jirani yake ameshindwa.

Sasa majaribio yenyewe. Kwa zaidi ya miaka 40 nchi kadhaa zimechimba maabara chini ya ardhi ambazo hazikukusudiwa kuzika chochote: Äspö nchini Uswidi, Grimsel na Mont Terri nchini Uswisi, Bure nchini Ufaransa, Mol nchini Ubelgiji. Nyingine ziko ndani ya graniti, nyingine ndani ya tabaka za udongo wa mfinyanzi. Mahali pa fueli panawekwa hita za umeme, kwa sababu joto la fueli ndilo linalosumbua udongo na mwamba miaka ya mwanzo, na joto la umeme halina tofauti na joto la mionzi kwa udongo unaolipokea. Faida yake ni kwamba ukimaliza unazima swichi na kuingia kutazama.

Pale Äspö, kwenye kina cha karibu mita 450, waliweka makasha sita ya ukubwa kamili yenye hita ndani, manne mwaka 2001 na mawili mwaka 2003, wakajaza bentonaiti, wakajenga ukuta wa zege, wakaacha. Mawili ya mwisho walianza kuyafukua mwaka 2010. Lakini jaribio ninalolipenda zaidi ni la Grimsel, ndani ya milima ya Alpi. Waliweka hita mbili kubwa kwenye handaki, wakazizungushia matofali ya bentonaiti iliyochimbwa Hispania, wakawasha mwaka 1997 na kushikilia uso wa hita kwenye nyuzi joto 100. Hita ya kwanza waliizima na kuifukua mwaka 2002. Ya pili waliiacha iendelee hadi 2015, miaka 18 ya joto bila kukatika.

Ingia nao handakini siku ya kufukua, maana ni kazi ya mikono zaidi kuliko watu wanavyodhani. Udongo unakatwa tabaka kwa tabaka kuanzia mdomoni mwa handaki kuelekea kwenye hita. Kila kipande kinapewa namba ya mahali kilipotoka, kisha kinafungwa upesi kwenye karatasi ya alumini na plastiki na kutolewa hewa, kwa sababu kikiachwa dakika kadhaa kinaanza kukauka na kipimo cha unyevu kinaharibika. Wanapima unyevu na uzito wa kila tabaka, kutoka ukuta wa mwamba kuja kwenye chuma cha moto. Walikuta nini? Nafasi zilizokuwa kati ya tofali na tofali wakati wa ujenzi zilikuwa zimezibwa kabisa. Udongo ulioshikana na mwamba ulikuwa umelowa na kuvimba, uliokuwa karibu na hita ulibaki mkavu zaidi na mzito zaidi, na hata baada ya miaka 18 sehemu hiyo ya ndani ilikuwa haijaloa kikamilifu. Maji yaliingia polepole kuliko baadhi ya hesabu za awali zilivyotabiri, na hesabu zikabidi zirekebishwe.

Hilo la mwisho wape wanafunzi walitafakari. Kabla ya kufukua, wataalamu wa nchi mbalimbali waliandika utabiri wao: hapa unyevu utakuwa kiasi hiki, pale joto litakuwa hili. Baadaye ndipo udongo ukatolewa. Utabiri unaokubali kuumbuliwa namna hiyo ndio ninaouamini. Mtu anayekuambia miaka 100,000 bila kukuonyesha utabiri wake wa miaka 18 uliolinganishwa na udongo halisi, usimsikilize.

Shaba nayo imeleta mabishano makali, na nadhani mabishano yenyewe ni sehemu ya upimaji. Kwa kawaida shaba haishiki kutu kwenye maji yasiyo na oksijeni, na mita 400 chini ya ardhi maji hayana oksijeni. Adui wake mkubwa huko ni salfaidi, kemikali ya salfa ambayo hutengenezwa na vijidudu vinavyoishi ndani ya maji ya mwamba. Kuanzia mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Stockholm walichapisha matokeo wakidai kwamba hata maji safi yasiyo na oksijeni yanaila shaba. Mwaka 2018 mahakama ya mazingira ya Uswidi iliiambia serikali kwamba kibali kisitolewe mpaka suala la shaba lifafanuliwe zaidi. Mwaka uliofuata, pale Äspö, walifukua vifurushi viwili vya bentonaiti vilivyokuwa vimepikwa karibu miaka 20 vikiwa na mabomba ya shaba katikati. Shaba ilikuwa imeliwa kidogo. Upande mmoja ukasema kutu hiyo ni ya oksijeni iliyofungiwa ndani siku ya ujenzi, na iliisha mapema. Upande mwingine ukasema hapana, ni nyingi mno kwa maelezo hayo. Mamlaka ya usalama wa mionzi ya Uswidi ilipitia kazi hiyo na kukubali maelezo ya kwanza, na Januari 2022 serikali ikatoa kibali cha kujenga pale Forsmark. Ujenzi ulianza Januari 2025.

Mimi naona mamlaka ilikuwa na hoja nzuri, lakini nawaheshimu waliopinga. Wasingepinga, vifurushi vile vingefukuliwa kimyakimya na ripoti ingefungiwa kabatini.

Watu wa shaba wamekwenda pia kutazama vitu vya kale. Meli ya kivita ya Uswidi, Kronan, ilizama mwaka 1676 katika Bahari ya Baltiki, na mmoja wa mizinga yake, wa metali iliyo karibu shaba tupu, ulijichomeka ndani ya udongo wa mfinyanzi chini ya bahari ukakaa humo miaka 300 na ushei. Ulipotolewa, kutu yake ilipimwa na kuonekana ni ndogo sana. Nasi tuna mfano wetu. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimelala ardhini Kilwa Kisiwani na Songo Mnara tangu zama za kati, na nyingi bado zinasomeka jina la sultani. Nazo zililala kwenye udongo wenye hewa na mvua, mahali pabaya kwa shaba kuliko mita 400 chini. Usiwaambie wanafunzi kwamba hilo linathibitisha kasha. Waambie linatupa kipimo kimoja cha kasi ya kutu katika mazingira magumu, na kipimo ni bora kuliko hisia.

Nije kwenye kile ulichosoma cha Ufini. Mahali panaitwa Onkalo, kisiwani Olkiluoto, wilaya ya Eurajoki, ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Kampuni ya Posiva ilianza kuchimba mwaka 2004, ikapata kibali cha ujenzi mwaka 2015, na Agosti 2024 ikaanza majaribio ya mwisho kwa kutumia fueli bandia. Hayo si majaribio ya mwamba wala ya shaba, maana kazi hiyo ilitangulia. Yanajaribu watu na mashine. Kasha linajazwa ndani ya chumba ambacho mtu haingii, kifuniko kinaunganishwa, mshono unakaguliwa, kasha linashushwa kwa lifti, linaendeshwa handakini, linaingizwa shimoni, udongo unawekwa, handaki linajazwa. Kazi ya mahali penye mionzi lazima iongozwe kwa mbali, kwa hiyo kila hatua inafanyiwa mazoezi wakati bado mtu anaweza kwenda kuinama na kutazama kilichokwama. Zoezi linahusu pia njia ya kurudi: kasha likigundulika lina kasoro, litapandishwaje juu tena?

Usidharau zoezi la namna hiyo. Marekani ina ghala la taka za mionzi za kijeshi ndani ya tabaka la chumvi, mita 655 chini, karibu na Carlsbad, New Mexico, lililofunguliwa mwaka 1999. Chumvi ile ilipimwa miaka na miaka, na haikuwa na kosa. Februari 2014 pipa moja lilipasuka humo ndani na mionzi ikafika juu. Sababu? Kwenye maabara taka zilikotoka, mtu alibadilisha unga wa kunyonya majimaji. Badala ya ule wa madini akatumia wa mimea, ukachanganyika na chumvi za naitreti, mchanganyiko ukapata moto wenyewe. Ghala likafungwa karibu miaka mitatu. Chumvi ilikuwa sawa, kosa lilitoka kwenye mfuko wa unga.

Yako pia mambo yaliyoitwa majaribio na hayakuwa majaribio. Ujerumani, kati ya 1967 na 1978, ilishusha mapipa takriban 126,000 ya taka za mionzi, si fueli bali taka za kiwango cha chini na cha kati, ndani ya mgodi wa zamani wa chumvi uitwao Asse. Kwenye karatasi ulikuwa mgodi wa utafiti. Mapipa mengine yalimwagwa tu kutoka kwenye mashine yakabingirika. Leo maji yanaingia mgodini, meta za ujazo kama 12 kila siku, na sheria ya mwaka 2013 inataka mapipa yote yatolewe, kazi ya mabilioni ya yuro. Ukitia taka halisi mahali ambapo hujapanga namna ya kuzitoa, hujafanya jaribio. Umezika. Hili naliona ndilo la kwanza mwananchi yeyote anapaswa kuuliza akisikia neno "majaribio": ndani mmeweka nini, na mtakitoaje?

Jingine linatuhusu sisi wa kusini moja kwa moja, kwa hiyo nitalipa nafasi. Mji wa Lyons, jimbo la Kansas, Marekani, una migodi ya chumvi. Katikati ya miaka ya 1960 wanasayansi walishusha fueli halisi iliyotumika kwenye mgodi mmoja, wakapima joto na mionzi kwenye chumvi, kisha wakaitoa yote. Jaribio lilifaulu vizuri, na mwaka 1970 serikali ikatangaza kwamba ghala la kudumu litajengwa hapo. Ndipo wanajiolojia wa Kansas wakaanza kuhesabu matundu. Eneo lile lilikuwa limetobolewa visima vya zamani vya kutafuta mafuta na gesi, vingine havina kumbukumbu ya kueleweka. Tena mgodi wa jirani ulikuwa umesukuma maji ardhini kuyeyusha chumvi, na maji mengi yakapotea yasijulikane yalikokwenda. Mpango ukaachwa. Chumvi ilifaulu mtihani, mahali pakashindwa.

Shika hilo mkononi, twende kwetu.

Njia moja ya kujaribu muda mrefu ambao binadamu hana ni kusoma jaribio ambalo ardhi ilikwisha kulifanya. Mfano mkubwa uko Afrika. Oklo, nchini Gabon, mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba karibu miaka bilioni 2 iliyopita madini ya urani yaliwaka yenyewe kama kinu, maji yakiingia na kutoka, kwa muda wa mamia ya maelfu ya miaka. Taka zake za nyuklia zilibaki ardhini bila kasha lolote. Plutoniamu haikusogea mbali na ilipozaliwa. Siziamu, strontiamu na gesi zilihama kwa sehemu kubwa. Majibu yote mawili yana maana: yanatuambia ni vitu gani mwamba unavishika wenyewe na vipi vinahitaji kasha na udongo.

Mfano wa pili uko Lindi, na wenyeji wengi hawaujui. Kati ya Kilwa na Lindi kuna udongo wa mfinyanzi wa kijani-kijivu uliotuama chini ya bahari makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Kuanzia mwaka 2002 wanasayansi wa nje wakishirikiana na Shirika letu la Maendeleo ya Petroli walitoboa humo visima vya utafiti. Nimepata kuuosha udongo huo kwenye chekeche laini. Matope yanakwenda na maji, zinabaki punje ndogo kuliko mchanga, ambazo ni magamba ya foraminifera, viumbe wadogo wa baharini. Sehemu nyingi duniani magamba ya umri huo yamegeuka meupe kama chokaa, kwa sababu maji yaliyapitia yakayayeyusha na kuyaganda upya. Ya Kilwa ukiyaweka chini ya hadubini yanang'aa kama kioo, mwanga unapita. Udongo uliyafungia na maji hayakuyapitia, kwa muda ambao mbele yake miaka 100,000 ni kidogo sana. Wanasayansi wa hali ya hewa ya kale wanakuja kuyasoma hayo kwa sababu yamebaki kama yalivyokufa.

Sasa linganisha na uwanda wa Makonde. Newala na Tandahimba mvua inanyesha ya kutosha, lakini kule juu hakuna mito. Maji yanazama kwenye mchanga na kwenda kutokea chemchemi chini kabisa mabondeni, ndiyo maana akina mama wa uwandani walitembea vizazi na vizazi kufuata maji bondeni. Mikoa inayopakana, mvua zinazofanana, na katika udongo mmoja maji yanapita haraka, katika mwingine hayapiti. Kuchagua mahali pa kuzika fueli ni kazi ya kutofautisha hayo mawili kwenye kina cha mamia ya mita, kwa visima, kwa kusukuma maji, kwa kutia rangi na chumvi upande huu na kungoja zitokee upande ule.

Na Tendaguru, hapohapo Lindi, nayo ina neno lake. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ambayo leo imesimamishwa Berlin, ilikaa ardhini miaka milioni 150. Wengi wanaitaja kuonyesha ardhi inavyotunza. Mimi ningewauliza wanafunzi swali jingine: ilionekanaje? Ilionekana kwa sababu tabaka zilizoifunika zilimomonyoka. Ardhi hutunza, na ardhi hufunua. Ndiyo sababu Waswisi, mwaka 2022 walipopendekeza eneo la Nördlich Lägern, walichagua kwenda chini karibu mita 900, wakihesabu pia kwamba barafu za zama zijazo zinaweza kukwangua uso wa nchi yao.

Je, watatuletea? Kisheria, Tanzania imeridhia Mkataba wa Bamako wa 1991, unaokataza kuingiza barani Afrika taka za hatari kutoka nje ya bara, zikiwemo za mionzi, na pia Mkataba wa Pelindaba, ambao pamoja na kukataza silaha za nyuklia unakataza utupaji wa taka za mionzi Afrika. Ufini nayo, kwa marekebisho ya sheria yake ya mwaka 1994, hairuhusu fueli yake iliyotumika izikwe nje ya nchi. Zamani sehemu ya fueli hiyo ilikuwa inarudishwa Urusi. Sheria ilipofunga mlango, ndipo uchimbaji wa kweli ukaanza. Hapa Tanzania hatuna kinu cha umeme wa nyuklia, kwa hiyo hatuna fueli iliyotumika. Taka zetu za mionzi ni chache, hasa vyanzo chakavu vya mionzi kutoka hospitali na viwanda, na zinakusanywa Arusha na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Tume hiyo ndiyo inayotoa vibali vya kusafirisha urani pia, kwa njia yoyote itakayotumika.

Lakini sheria zinaweza kubadilishwa, na mzazi anayekuuliza anastahili jibu la ardhi yenyewe. Udongo wa Kilwa ni mzuri, na chini ya bonde la Mandawa kuna hata chumvi ya kale. Mtu asiyejua angesema basi, mahali pamepatikana. Ila ardhi hii ina gesi. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na utafutaji unaendelea. Gesi imekaa chini ya tabaka za udongo zilizoiziba mamilioni ya miaka, ushahidi mwingine wa uzuri wa tabaka hizo. Gesi hiyohiyo ndiyo inayowaleta watu na mitambo ya kutoboa, tangu miaka ya 1950. Kanuni inayofuatwa duniani ni kukwepa mahali penye utajiri chini yake, kwa sababu mtu wa miaka 5,000 ijayo, asiyejua lugha yetu wala alama zetu, akitafuta gesi au chumvi atatoboa katikati ya ghala. Matundu ya watafutaji wa namna hiyo ndiyo yaliyoizuia Lyons. Kwa hoja hiyo peke yake, pwani ya Mtwara na Lindi haipaswi kuwa kwenye orodha ya mtu yeyote makini, na wanafunzi wako wanaweza kuitetea hoja hiyo mbele ya mkutano wowote bila kupandisha sauti. Siku Tanzania ikijenga kinu chake, tutatakiwa kutafuta mahali ndani ya nchi kwa fueli yetu wenyewe, na nitataka wanaouliza maswali siku hiyo wawe wanajua kusoma kipimo cha udongo.

Kwa hiyo wape kazi. Chukueni udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kufumba mvua ikinyesha. Madini yanayoufanya uvimbe ni ya jamii moja na bentonaiti. Ukausheni, utwangeni, ushindilieni kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iliyotobolewa chini. Chupa ya pili jazeni mchanga wa kutoka uwandani Newala, ya tatu mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Wekeni alama ya kimo kwa kalamu, mimineni maji kiasi kilekile. Kabla ya kumimina, kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi: maji yatatoka chini baada ya muda gani, udongo utapanda milimita ngapi, na baada ya wiki mbili maji yatakuwa yamefika sentimita ngapi ndani. Karatasi zifungwe kwenye bahasha, wewe uzitunze.

Wiki mbili zikiisha, pasueni chupa kwa wembe, kateni udongo tabaka za sentimita mbili mbili, pimeni uzito wa kila tabaka ungali mbichi, ukausheni juani hadi uzito uache kushuka, pimeni tena. Hapo ndipo bahasha zifunguliwe. Nitumieni karatasi zote, za waliopatia na za waliokosea, pamoja na vipimo vyenu.